Mtandao Kabla ya Intaneti: Wanawake wa Homa Bay na Migori Wanavyoshikana

Mwanzoni mwa Septemba 2018, mwili wa Sharon Otieno ulipatikana katika msitu wa Kodera, upande wa Homa Bay. Alikuwa na umri wa miaka 26, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo kilicho Migori, na mja mzito wa miezi saba. Mwandishi wa habari aliyetekwa pamoja naye aliponea kwa kuruka kutoka kwenye gari. Gavana wa Migori wa wakati huo alishtakiwa pamoja na wenzake, naye akakana mashtaka. Kaunti mbili za kusini mwa Nyanza, ambazo kwa kawaida husikika Nairobi wakati wa kampeni tu, ghafla zikawa katika kila simu nchini.

Walioshika simu zao siku zile waliona mambo mawili yakienda sambamba. Wapo waliodai haki, wakataka upelelezi usizimwe na cheo cha mtu. Wapo pia waliogeuka majaji wa marehemu: alikuwa akitafuta nini kwa gavana wa rika lile, nani alimtuma, mbona hakutosheka na masomo? Msichana aliyeuawa akaulizwa maswali ambayo mshukiwa hakuulizwa. Intaneti ilimlilia Sharon na kumtukana kwa wakati mmoja.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo mashirika mengi ya haki za wanawake hulipita haraka. Tunaposema wanawake watumie intaneti kupigania haki zao, tunataka intaneti iwafanyie nini hasa? Je, ina nguvu yake yenyewe, au inakopa nguvu mahali pengine? Nikitazama yaliyotokea Homa Bay, Migori na ng'ambo ya mpaka huko Tarime, Tanzania, naona jibu moja likijirudia: simu imeokoa watu mahali ambapo tayari palikuwa na watu walioshikana. Pasipo na watu hao, kelele za mtandaoni huvuma wiki moja kisha zikanyamaza, na mwathiriwa akabaki na aibu yake.

Neno lenye maana mbili

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. Mtandao ni intaneti, na mtandao ni watu au vikundi vilivyofungamana kwa lengo moja. Maana ya pili haikungoja ya kwanza. Wanawake wa Tanzania walipoanzisha TGNP mwaka 1993 na kuiita Mtandao wa Jinsia, hakuna mwanakijiji wa mkoa wa Mara aliyekuwa na barua pepe. Walikuwa wakisema juu ya watu.

Huku kwetu Nyanza mtandao huo wa watu una historia ndefu. Phoebe Asiyo, aliyefariki mwaka 2025, aliongoza shirika la Maendeleo ya Wanawake mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha akawa mbunge wa Karachuonyo, Homa Bay, kati ya 1980 na 1983 na tena kati ya 1992 na 1997. Mwaka 1997 alipeleka bungeni hoja ya kuwatengea wanawake nafasi za uongozi. Ilishindwa. Lakini wazo lake halikufa, kwa sababu lilikuwa limeshasambaa katika vikundi vya wanawake nchi nzima, na Katiba ya 2010 ikaja kuandika kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti katika vyombo vya kuchaguliwa. Bunge lilishindwa kutekeleza sharti hilo hadi Jaji Mkuu David Maraga, Septemba 2020, akamshauri rais alivunje. Hata hivyo, Agosti 2022 Homa Bay ilimchagua Gladys Wanga kuwa gavana, mmoja wa magavana saba wanawake walioshinda mwaka huo. Upande wa Mbita, Millie Odhiambo, wakili aliyekuwa akiongoza shirika la CRADLE la kutetea haki za watoto, amekuwa mbunge wa kuchaguliwa tangu 2013.

Chini ya majina hayo makubwa kuna vikundi ambavyo havijulikani nje ya kata zao: chama cha akiba kinachokutana kila wiki, wajane wanaosaidiana kulima, wauza samaki wa ufuoni, kina mama wa kanisa. Vina daftari, mweka hazina na faini ya kuchelewa. Huo ndio mtandao wa kwanza. Kila shirika kutoka Kisumu, Nairobi au Ulaya linapofika Ndhiwa au Nyatike na mradi wake, hulazimika kupitia humo, likubali au lisikubali.

Mzigo unaofanana, mila zinazotofautiana

Kwa sensa ya 2019, kila moja ya kaunti hizi ilikuwa na watu wapatao milioni 1.1. Shida zao zina undugu. Utafiti wa kitaifa wa virusi vya UKIMWI wa 2018 ulikuta Homa Bay ikiongoza nchi, asilimia 19.6 ya watu wazima wakiishi na virusi, ilhali wastani wa Kenya ulikuwa asilimia 4.9. Migori ilikuwa karibu asilimia 13. Utafiti wa afya ya jamii wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 23 walikuwa wamewahi kupata mimba, Homa Bay na Migori vilevile, wakati kiwango cha kitaifa kilikuwa 15.

Nyuma ya takwimu hizo kuna maisha yanayoeleweka. Ufuoni, kutoka Mbita na visiwa vyake hadi Muhuru Bay na Sori, mwanamke anayetaka samaki wa kuuza hukuta kwamba mvuvi anataka zaidi ya pesa. Ndio mtindo unaoitwa jaboya. Bara, mjane hukumbana na tero, mila ya kurithiwa na ndugu wa marehemu. Akikataa, huonywa juu ya chira, laana ya kuvunja mwiko, na wakati mwingine shamba lenyewe huwa ndilo linalotakiwa, laana ikiwa kisingizio. Kwa Kiluo mjane huitwa chi liel, mke wa kaburi. Jina hilo peke yake linaonyesha ugumu wa kazi ya kumtetea.

Upande wa Kuria, Migori, mzigo una sura nyingine. Waluo kwa jadi hawatahiri wasichana, Wakuria hukeketa. Msimu hutangazwa baada ya inchama, baraza la siri la wazee, kuruhusu. Msichana asiyekatwa huitwa omosagane, na neno hilo humfuata hadi kisimani na hadi kwenye ndoa. Sheria ya 2011 inaharamisha ukeketaji na kuweka kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000. Pamoja na hayo, shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, misafara ya wasichana waliokatwa ilipita barabarani Kuria mchana kweupe, watu wakiimba.

Hapa ndipo ugumu wa ushirikiano unapoanza. Shirika la Homa Bay linajua lugha ya urithi wa wajane, na la Kuria linajua lugha ya msimu wa tohara. Wafadhili huyaita yote mashirika ya jinsia na kuyakalisha kwenye semina moja Kisumu, lakini nafasi ya anayemjua mzee wa inchama kwa jina haiwezi kuchukuliwa na anayemjua mzee wa ukoo wa Kiluo. Ushirikiano wa kweli huanza kila upande unapokiri kwamba mwenzake anajua asichokijua yeye.

Wazee, wanasheria na mjane

Mfano ulio imara zaidi haukuanza na kompyuta. KELIN, shirika la wanasheria linaloshughulikia haki za afya, lilianza mwaka 2009 kufanya kazi na mabaraza ya wazee wa Kiluo katika Homa Bay na Kisumu kuwarejeshea wajane mashamba waliyonyang'anywa. Wanaharakati wengi wangeona huko ni kuwakabidhi fisi mbuzi, kwani wazee hao ndio walinzi wa mila iliyomfukuza mjane. Lakini KELIN ilitambua jambo ambalo kila mtu wa kijijini analijua: hukumu ya mahakama inaweza kumrudisha mjane shambani, isimwezeshe kulala humo usiku. Mzee akisema hadharani kwamba mila ya Kiluo humlinda mjane na watoto wake, shemeji hukosa pa kusimama. Wazee walifundishwa sheria, wajane wakafundishwa sheria ileile, na mashauri yakasikilizwa mbele ya watu. Mamia ya wajane wamesaidiwa kwa njia hiyo, na baadhi yao jamii iliwajengea nyumba.

Intaneti iliingia baadaye, na iliingia kwa mlango ambao waandishi wa miradi hawakuufikiria. Leo cheti na huduma nyingi za serikali huombwa kupitia eCitizen, na mwaka 2024 Mahakama ilieneza uwasilishaji wa kesi kwa njia ya kielektroniki nchi nzima. Mjane wa Rangwe anayetaka kufungua kesi ya mirathi hana hiari tena. Lazima aguse intaneti. Kwa kuwa simu yake ni mulika mwizi isiyo na intaneti, huenda saiba, duka la huduma za kompyuta. Kijana wa saiba humfungulia akaunti, humtungia nywila, hupiga picha kitambulisho chake na cheti cha kifo cha mumewe, na vyote vikabaki kwenye kompyuta ambayo hata shemeji yake anaweza kuitumia kesho. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, lakini sheria hiyo haijafika kwenye kiti cha plastiki cha saiba ya sokoni.

Ningekuwa mfadhili, ningemtafuta kijana huyo. Ndiye karani wa mahakama, wakili wa kwanza na mtunza siri wa wanawake wengi, na hajafunzwa kazi hata moja kati ya hizo. Kikundi cha wajane kikikubaliana na saiba mbili tatu zinazofuta nyaraka, zinazomwachia mama nywila yake mwenyewe na zinazotoza bei inayojulikana, kitakuwa kimefanya kazi ya usalama wa mtandaoni ambayo kijitabu kilichochapishwa Nairobi hakiwezi kuifanya.

Ramani ya Tarime

Wakuria wako pande mbili za mpaka, na msichana anaweza kuvushwa kutoka Kuria Mashariki hadi Tarime kwa miguu. Sheria hazilingani. Kenya inaharamisha ukeketaji wa mtu wa umri wowote, na kumvusha mtu mpaka kwa nia hiyo ni kosa. Tanzania, kwa sheria yake ya makosa ya kujamiiana ya 1998, inamlinda aliye chini ya miaka 18. Aprili 2019 mawaziri wa Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia walikutana Mombasa na kuahidi kukabili ukeketaji wa kuvuka mipaka. Ahadi ilikuwa njema, ila polisi wa pande zote mbili walikuwa na tatizo la kawaida kabisa: hawakujua njia. Vijiji vingi vya mkoa wa Mara havikuwa kwenye ramani yoyote. Msichana akipiga simu usiku na kusema yuko nyumbani kwa bibi yake karibu na mto, gari la uokoaji lingefikaje?

Rhobi Samwelly, mwanamke wa Mara aliyekatwa akiwa msichana akanusurika kufa kwa kuvuja damu, anaongoza shirika la Hope for Girls and Women lenye nyumba za hifadhi kwa wasichana wanaokimbia. Yeye na wenzake walishirikiana na mradi wa Crowd2Map ulioanza mwaka 2015. Watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi, wengi wao wasiowahi kukanyaga Afrika, waliketi makwao wakatazama picha za setilaiti na kuchora nyumba na barabara za Mara kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap. Lakini picha ya setilaiti haina majina. Majina ya vijiji, zahanati na njia yaliongezwa na wenyeji waliotembea na simu. Kisha vijijini wakapatikana watu wa kuripoti hatari kwa simu zao.

Mradi huo unaeleza ushirikiano ulivyo unapofaulu. Mtu wa mbali alitoa muda wake na macho yake, na wa karibu akatoa jina la mahali na ujasiri wa kugonga mlango. Kila upande ungekuwa bure bila mwenzake. Zaidi ya hapo, ramani ilibaki mali ya kila mtu: hata mradi ukifungwa kesho, barabara iliyochorwa haifutiki.

Upande wa Kenya, Msichana Empowerment Kuria, shirika lililoanzishwa na Natalie Robi Tingo, binti wa Kuria mwenyewe, limechagua kuzungumza na wasichana, wavulana na wazee wa hukohuko badala ya kuwahubiria kutoka mjini. Sauti ya binti wa nyumbani ina uzito ambao tangazo la redio la serikali halina, kwa sababu haiwezi kutupwa kwa hoja kwamba ni mila ya kigeni.

Linganisha na jambo lingine zuri lililotokea jirani. Mwaka 2017 wasichana watano wa Shule ya Upili ya Kisumu Girls, wakijiita Restorers, walitengeneza programu ya simu inayoitwa i-Cut, ya kumwezesha msichana aliye hatarini kuomba msaada au kuripoti. Walifika hadi Marekani kwenye mashindano, na mwaka 2019 wakawa miongoni mwa walioingia fainali ya Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Wanastahili kila sifa, hasa kwa kuwa wametoka katika jamii isiyokeketa na bado wakauona uchungu wa wenzao kuwa wao. Lakini programu ya simu inahitaji simu janja, na msichana wa miaka 12 wa Ntimaru, Kuria, hana. Mwenye simu nyumbani ni baba, na wakati mwingine baba ndiye anayempeleka kukatwa. Ubunifu wa wasichana wale ulikuwa nusu ya daraja. Nusu ya pili ni mwalimu, jirani au mhudumu wa afya wa jamii mwenye simu na msimamo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu hao wapatao 100,000 nchi nzima na kuwapa vifaa, simu zikiwemo. Mhudumu wa aina hiyo tayari analijua kila boma. Mwenye kutaka programu ya kuwaokoa wasichana aanzie kwenye simu iliyo mkononi mwake.

Kisiwa kilichotanguliza watu

Kuna somo jingine Mfangano, kisiwa cha Homa Bay ndani ya Ziwa Victoria. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kituo cha Ekialo Kiona, maana yake ulimwengu mzima kwa lugha ya Kisuba, kilileta kompyuta na intaneti kwa umeme wa jua. Sharti la uanachama lilikuwa kupima virusi vya UKIMWI kila baada ya miezi sita. Kijana aliyekuja kutafuta Facebook alijikuta akijua hali yake, na kwa kuwa kila mwanachama alipima, kupima kukaacha kuwa alama ya aibu. Kituo kikaongeza redio yake, EK FM, na matangazo yakawafikia wasiokuwa na simu janja na wasiosoma.

Redio ndiyo ninayotaka kuisisitiza. Mwanaharakati wa mjini hupima mafanikio kwa idadi ya waliosambaza ujumbe wake. Huku ziwani, mama anayepara samaki husikiliza redio ya lugha yake mikono ikiwa na magamba. Mjadala uliorekodiwa kwa simu, ukatumwa WhatsApp kwa mtangazaji na ukarushwa hewani kwa Kiluo au Kikuria, umepita kwenye intaneti bila msikilizaji kununua bando. Kwa eneo letu njia hiyo ya mseto, simu hadi redio na redio hadi baraza, ina faida kubwa kuliko ukurasa wowote wa Kiingereza.

Kilio cha kijiji kinapofika Nairobi

Je, kelele za kitaifa hazina kazi? Zina kazi kubwa zikipata mahali pa kushika. Juni 2013, msichana wa miaka 16 huko Busia alibakwa na kundi la wanaume na kutupwa katika choo cha shimo. Walioshukiwa waliamriwa kufyeka nyasi za kituo cha polisi, kisha wakaenda zao. Gazeti liliandika habari hiyo, Nebila Abdulmelik wa shirika la FEMNET akaanzisha ombi la mtandaoni, na zaidi ya watu milioni moja duniani wakatia saini. Oktoba 31 wanawake waliandamana Nairobi. Msichana huyo alipewa jina la Liz ili jina lake halisi lisijulikane. Aprili 2015 wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15 kila mmoja.

Watu hukumbuka saini. Mimi nakumbuka miezi iliyofuata. Tangu maandamano hadi hukumu ilipita karibu mwaka mmoja na nusu, muda ambao watu wa mtandaoni walikuwa wameshahamia mambo mengine. Waliobaki ni wachache waliofuatilia kesi kila ilipotajwa, akiwemo mama mzazi wa Liz na mashirika kama COVAW. Saini zililazimisha mlango ufunguke; waliobaki ndio walioingia ndani.

Vivyo hivyo, Januari 27, 2024, baada ya mauaji ya wanawake kadhaa kufuatana, maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine, wito ukiwa umeenea mtandaoni: acheni kutuua. Mwaka mmoja baadaye serikali iliunda jopo la watu 42 likiongozwa na Nancy Baraza, aliyewahi kuwa naibu jaji mkuu, kuchunguza dhuluma za kijinsia na mauaji ya wanawake. Jopo ni mwanzo tu. Lakini wanawake wa Kodera na Rongo, waliosema mwaka 2018 kwamba wanawake wanauawa, walisikika hatimaye kwa sababu sauti nyingi zilisema neno moja siku moja.

Jina la Liz lina fundisho la pekee. Sharon hakupata kinga hiyo; picha zake zilienezwa kila pembe, na watu wasiomjua wakamhukumu. Anayepiga picha ya msichana aliyeokolewa Kuria na kuiweka Facebook ili kumshukuru mfadhili humwambia kila mtu wa ukoo wake mahali alipo. Huruma isiyo na adabu ya siri inaweza kumrudisha kwenye kisu.

Mahali wavu ulipotoboka

Kamba hukatikia pabovu, na pabovu hapa panajulikana. Tundu la kwanza ni umiliki. Sensa ya 2019 ilikuta kwamba wanaume waliotumia intaneti Kenya walikuwa kama asilimia 25, wanawake asilimia 20, na pengo huwa pana zaidi vijijini. Takwimu hiyo haisemi ni wangapi hutumia simu ya mume, ambayo mume huisoma. Mashirika mengi huweka kundi la WhatsApp na kudhani yamemfikia kila mwanachama, kumbe yamemfikia mwenye simu janja na bando, aghalabu mweka hazina na mwenyekiti. Taarifa hugeuka cheo. Vikundi vinavyofaulu huweka desturi ndogo: kilichoandikwa WhatsApp husomwa kwa sauti mkutanoni, na uamuzi haupiti mpaka wenye mulika mwizi wausikie.

La pili ni ukatili wa mtandaoni wenyewe. Mwaka 2020 shirika la Pollicy la Uganda liliwahoji wanawake wa nchi tano za Afrika, Kenya ikiwemo, na zaidi ya robo yao walisema wamewahi kupata ukatili mtandaoni. Huko Homa Bay au Migori, ambako kila mtu ana shangazi anayemjua shangazi yako, picha ya siri ikivujishwa haiishi kwenye skrini. Hufika kanisani Jumapili. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 inaharamisha kusambaza picha za siri na kumsumbua mtu mtandaoni. Kifungu kipo, anayehitajika ni afisa kituoni anayejua kuandika malalamiko hayo bila kumuuliza mama kwa nini alipiga picha.

La tatu ni woga wa dola. Juni 7, 2025, mwalimu kijana Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kwa sababu ya chapisho la mtandaoni lililodaiwa kumchafulia jina afisa mkuu wa polisi, akapelekwa Nairobi, na kesho yake akawa amekufa akiwa mikononi mwa polisi. Kila mwanamke wa Homa Bay aliyefikiria kuandika juu ya mkubwa aliyemdhulumu aliisikia habari ile. Ndiyo maana ushirikiano ni kinga pia: tamko lenye mihuri ya mashirika kumi haliwezi kukamatwa usiku kama mtu mmoja na simu yake.

La nne ni kuondoka kwa wenye mfuko. Julai 2020 maputo ya Loon, kampuni ndugu ya Google, yalianza kurusha intaneti magharibi na katikati mwa Kenya. Januari 2021 mradi huo ukatangazwa kufungwa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Homa Bay, ambayo tangu 2015 ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza za mradi wa Marekani wa DREAMS wa kuwakinga wasichana na virusi, ikatikisika. Mashirika yaliyokuwa na ofisi, gari na mfadhili mmoja yalijikuta hayana kitu. Chama chenye daftari kiliendelea kukutana.

La kufanya

Kutokana na hayo naona mambo ambayo mashirika ya eneo hili yanaweza kuanza bila kungoja ruhusa ya mtu. Ya Homa Bay na ya Kuria yapatane kugawana ujuzi: wanaojua kukaa na wazee wa ukoo wawasaidie wanaokabili inchama, na wanaojua kuficha wasichana wawafundishe wenzao namna ya kumficha mjane anayetishwa. Yaliyoko Migori yawe na namba za simu za wenzao wa Tarime na Serengeti kabla ya Desemba, mwezi wa likizo na wa visu. Kila kikundi kimteue mama mmoja wa taarifa na mmoja wa siri, na fedha za bando ziandikwe kwenye bajeti kama nauli inavyoandikwa, kwa sababu ndizo nauli ya sauti. Kila picha ya mwathiriwa ingoje idhini yake, na ikiwa ni mtoto isiwekwe kabisa. Namba za msaada za bure, 1195 kwa dhuluma za kijinsia na 116 kwa watoto, ziandikwe kwenye ukuta wa choo cha shule, mahali ambapo msichana anaweza kuzisoma bila kuonekana.

Mfadhili wa mbali naye ana nafasi. Muhuru Bay, Migori, shule ya wasichana ya WISER iliyofunguliwa mwaka 2010 ilizaliwa kutokana na urafiki wa msomi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na msomi wa Chuo Kikuu cha Egerton, pamoja na watu wa ufuoni. Shule hiyo bado ipo, kama ilivyo ramani ya Mara. Mshirika wa mbali apimwe kwa kitu hicho: akiondoka, anaacha nini mikononi mwa wenyeji?

Narudi Kodera. Miti ya msitu ule haikuwa na shahidi, na simu zote za Kenya zilizomtaja Sharon hazikuwepo usiku ule. Ningetamani msichana anayefuata, anapoingia kwenye gari asiloliamini, awe na wanawake watatu wanaojua alikokwenda, na kila mmoja wa hao watatu awe na wengine watatu, kuanzia Rongo hadi Oyugis, hadi Mbita, hadi Isebania. Simu iwe ndani ya wavu huo. Wavu wenyewe ni wao.